Kiwewe cha Miaka Mingi: Namna ya Kuurudisha Mwili Leo, Hatua kwa Hatua

Ujumbe ninaoletewa kuliko mwingine wowote ni huu: "Nimejaribu kuvuta pumzi kama ulivyosema, hali imezidi." Unaofuata kwa wingi: "Nilikaa nikaandika yote tangu nikiwa darasa la tatu, sasa wiki ya pili silali." Hawa si wazembe. Wa kwanza alianza mazoezi siku ile ile aliyozidiwa. Wa pili alifumua kidonda chote akiwa hana hata kitambaa cha kufungia.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepitia mateso ya muda mrefu, si ajali ya siku moja: kipigo cha utotoni, kuingiliwa na ndugu, ndoa ya vitisho, vita na maisha ya kambini. Baadaye mwili unaendelea kuishi kule kule hata kama wewe umeshahama, na hicho ndicho kiwewe. Watu huiita presha, huiita mapepo, wengine huiita kiburi. Mimi nililelewa katika nyumba ya mkanda, na hadi nilipofika miaka thelathini na kitu niliamini nina hasira za ukoo tu. Si daktari. Ninayoandika nilifundishwa na wataalamu, nikayafanyia mazoezi na kuyakosea mara nyingi.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari dogo na kalamu. Simu haifai, kwa sababu ukiishika tu unajikuta umeingia kwingine, na katika nyumba nyingi simu husomwa na kila mtu. Kama hata daftari si salama, andika kwa alama unazozijua mwenyewe.

Kitu chenye harufu kali: limau, karafuu, iliki, kahawa. Sharti ni moja: isiwe harufu ya nyumba ile. Mimi nilianza na udi kwa sababu naupenda. Nikasahau kwamba nyumbani ulikuwa ukifukizwa kila Alhamisi jioni, nami nikiwa chini ya kitanda nasikiliza hatua za miguu. Zoezi la kwanza lilinimaliza. Sasa natembea na kipande cha limau ndani ya kikopo.

Maji baridi, ya chupa au ya beseni.

Kitu kimoja ulichojinunulia ukubwani. Kanga, saa, pete, hata kikombe. Kazi yake utaiona hatua ya 4.

Mtu mmoja. Si lazima ajue kisa chako.

Muda: dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa wiki 6 hivi. Ukiona huwezi kupata hizo, anza na 5, lakini zisikose.

## Hatua ya 1: Hakikisha hatari imekwisha kweli

Mazoezi yote yaliyo hapa chini yanauambia mwili, "tulia, yamepita." Kama anayekupiga bado analala chumba kimoja nawe, mwili uko sahihi kupiga kelele, na kuunyamazisha ni kosa. Shughulikia usalama kwanza.

Tanzania, vituo vya polisi vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Kwa mtoto, namba ni 116 katika nchi zote mbili. Ukipiga kwa simu ya nyumbani, futa namba baadaye.

Onyo: Kama unawaza kujiua, na hasa kama umeshafikiria namna na siku, usiendelee na mwongozo huu peke yako. Mwambie mtu sasa hivi, kwa maneno hayo hayo bila kuzungusha, na aende nawe hospitali iliyo karibu. Daftari litakusubiri.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja mahali pamoja ambapo hakuna mtu wa kukudhuru usiku wa leo.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya mwili, usiandike kisa

Kwa wiki 2, kila unaposhtuka au kufa ganzi, andika mstari mmoja wenye mambo manne: saa, kilichotokea dakika moja kabla, mwili ulishikwa wapi, na ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Huu hapa ukurasa wangu wa zamani:

*Jumanne, saa 1:10 jioni. Komeo la geti. Tumbo, mabega. 8.*
*Jumatano, saa 4 asubuhi. Bosi: "Njoo ofisini mara moja." Koo. 7.*
*Alhamisi, saa 1:05 jioni. Geti tena. Tumbo. 8.*
*Ijumaa. Mfuniko wa sufuria umeanguka kwa jirani. Kila mahali. 9.*

Niliandika hivyo siku kumi ndipo nikaona kilichokuwa wazi kwa mtu yeyote: baba alikuwa akirudi saa moja jioni. Geti lenyewe lilikuwa linafunguliwa na mpangaji mwenzangu, kijana mpole anayerudi kazini na mkate.

Nikafanya mambo mawili. Nilitia mafuta ya kupikia kwenye komeo, mlio ukabadilika. Nikamwomba yule kijana, "Kaka, ukifika naomba useme hodi kabla hujafungua, mimi huwa nashtuka." Hakuuliza kwa nini. Nane ikashuka hadi tano, na nilikuwa sijafanya zoezi hata moja.

Kwa nini kisa kisubiri? Ukiandika tukio zima bila maandalizi, mwili haujui kwamba unaandika. Unalipitia tena. Mstari mmoja wa saa na tumbo unatosha kukuonyesha kichochezi bila kukutumbukiza ndani.

Onyo: Ukishavijua vichochezi, utatamani kuvikwepa vyote. Komeo lipake mafuta, hakuna ubaya. Lakini ukiacha kupanda daladala, ukaacha sokoni, kisha msikitini au kanisani, dunia yako itabaki godoro. Punguza ukali wa kitu kimoja kimoja huku ukiendelea kukiendea.

Utajua umefaulu ukiweza kusema mapema: "Leo saa fulani, mahali fulani, huenda nikashtuka."

## Hatua ya 3: Jifunze kupumua ukiwa mzima

Hapa ndipo wengi wanaponiandikia kwamba wameshindwa, na kosa karibu kila mara ni moja. Wameambiwa "vuta pumzi ndefu", wakavuta kwa nguvu, mara ya pili, ya tatu, haraka haraka. Ukipumua hivyo unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi: kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinawasha, kifua kinabana. Mtu anadhani anakufa.

Kinachotuliza zaidi ni kutoa pumzi. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa hewa, kwa hiyo tunaurefusha upande huo.

1. Kaa kitini, miguu yote miwili chini. Macho wazi.
2. Toa hewa iliyomo kwanza, taratibu, kama unayepuliza uji.
3. Ingiza kwa pua, hesabu 1 hadi 3. Isiwe nyingi; ya kawaida tu.
4. Toa kwa mdomo, hesabu 1 hadi 5.
5. Endelea kwa dakika 5, asubuhi na jioni.

Fanya hivyo wiki 2 nzima katika nyakati tulivu kabla ya kuitegemea ukiwa umevamiwa. Mwili uliofundishwa utaikumbuka njia hata kichwa kikikwama.

Onyo: Aliyewahi kukabwa koo, au kuzibwa mdomo, anaweza kutishwa na kupumua kwenyewe. Kama ni wewe, ruka hatua hii bila aibu. Badala yake, kandamiza nyayo sakafuni kwa nguvu, hesabu hadi 5, legeza. Kazi inakuwa ile ile.

Utajua umefaulu si kwa kusikia raha, bali kwa kuanza kuchoka na zoezi. Likikuboa, limeingia.

## Hatua ya 4: Ukivamiwa, kwanza tambua ni moto au ni ganzi

Nasisitiza kuliko pengine popote, kwa sababu dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Moto: moyo mbio, jasho, hasira, hamu ya kukimbia au kupiga. Mwili umepanda.

Ganzi: sauti za watu zinakuja kama kutoka chini ya maji, mikono mizito, unajiona kwa mbali, hukumbuki ulichokuwa unasema. Mwili umezimika. Mimi iliwahi kunikuta kwenye foleni ya benki; karani aliniita mara tatu, nami nilimwona akichezesha midomo tu.

Aliyezimika akipewa pumzi za polepole huzama zaidi. Aliyezimika anahitaji kuamshwa.

### Ikiwa ni moto

1. Macho wazi. Kuyafumba kunakurudisha kule.
2. Nyayo chini, mgongo kwenye ukuta au kiti.
3. Sema kwa sauti, hata ya chini: "Naitwa fulani. Nina miaka kadhaa. Leo ni siku fulani. Niko jikoni kwangu. Mlango nimefunga mwenyewe." Taja umri wako, mwili unaodhani una miaka minane unahitaji kuambiwa.
4. Shika kile kitu ulichojinunulia. Kule hakikuwepo. Kikiwa mkononi, basi hapa si kule.
5. Maji baridi usoni, sekunde 15 hadi 30. Baridi ya ghafla usoni hupunguza mapigo. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye. Anywe mafundo machache tu.
6. Sasa ndiyo pumzi za 3 na 5.

### Ikiwa ni ganzi

1. Simama. Kama huwezi, sogeza vidole vya miguu, kisha vifundo, kisha magoti.
2. Nusa limau, ling'ate ikibidi.
3. Tembea ukipiga hatua nzito, au sukuma ukuta kwa viganja.
4. Taja vitu vitano vya rangi moja. "Bluu: ndoo, shati, kalamu..."
5. Piga simu kwa mtu wako, umwambie, "Niongeleshe tu." Bei ya nyanya inatosha.

Baada ya moto au ganzi, utatetemeka, utapiga miayo au utahisi baridi. Ni mwili unaoshuka. Jifunike, kunywa kitu cha moto chenye sukari, jipe nusu saa kabla ya kuamua jambo lolote. Ndoa zimevunjwa na kazi zimeachwa ndani ya nusu saa hiyo.

Utajua umefaulu kama 9 imekuwa 6. Usidai 0. Anayesubiri 0 huandika "nimeshindwa" siku aliyofaulu.

## Hatua ya 5: Usiku

Kitanda kielekee mlango kama inawezekana. Mwili usioona mlango hulala jicho moja. Taa ndogo si utoto. Miraa, na kahawa ya baada ya saa tisa alasiri, ziache kabisa. Pombe itakulaza kwa muda mfupi kisha itakuamsha saa nane usiku na ndoto mbaya zaidi.

Ndoto inayojirudia hufanyiwa kazi mchana. Chagua ambayo si mbaya kuliko zote. Iandike kwa mistari mitatu, halafu ibadilishe mwisho unavyopenda wewe, hata uwe wa kipuuzi. Ya kwangu ilikuwa ya ukumbi mrefu na mlango unaofunguka. Nikaamua mlango ukifunguka aingie muuza dagaa, aulize kama nataka fungu la elfu moja. Nikaipitia hiyo mpya akilini dakika 10 kila alasiri, kama mwanafunzi anayekariri. Wiki ya tatu dagaa waliingia ndotoni wenyewe. Niliamka nikicheka, jambo ambalo lilimtisha mume wangu kuliko mayowe aliyozoea.

Onyo: Ukiamka kwa jinamizi, usibaki kitandani kupambana. Amka, washa taa, fanya hatua ya 4, rudi usingizi ukija. Aliyelala kando yako asikutikise; aite jina lako kutoka mbali kidogo.

## Hatua ya 6: Ile sauti inayokutukana

"Mjinga wewe." "Huna maana." "Ungekuwa mtoto mzuri wasingekupiga." Kila ikisema, andika sentensi yenyewe, kisha uliza swali moja tu: haya ni maneno ya nani? Mara nyingi utamjua msemaji kwa lafudhi yake. Karibu yake andika, "Hii ni ya fulani." Huna haja ya kubishana nayo wala kujisifu kwenye kioo.

## Hatua ya 7: Ndugu, misiba na shikamoo

Hapa hakuna zoezi la pumzi linalotosha, kwa sababu kwetu mtu haishi peke yake. Aliyekuumiza ni mjomba, na mjomba atakuwepo msibani.

Watakuambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali ni nzuri, ila imetumwa mahali pasipo pake. Kwako ndwele yenyewe ni hiyo iliyopita, na unaiganga. Huna deni la kuwaeleza hivyo. Jibu fupi hutosha: "Shangazi, nimekusikia. Leo nimekuja kuzika." Kisha nyanyuka ukasaidie vyombo.

Jiandae hivi kabla ya shughuli yoyote ya ukoo:

1. Jua nani atakuwepo. Uliza mapema, usikutane nao mlangoni.
2. Nenda na mtu wako. Mkubaliane neno. La kwangu ni "Nimesahau dawa". Nikilisema, dada anaaga kwa niaba yetu sote.
3. Uwe na nauli yako mwenyewe ya kuondokea, mfukoni, isiyoguswa. Usiende kwa gari ambalo huamui lini litarudi.
4. Kaa ukingoni mwa jamvi, uone njia.
5. Panga saa ya kuondoka na uitangaze ukifika: "Nitakuwepo hadi baada ya dua."

Na shikamoo? Swali hili nimeulizwa na watu wazima wenye wajukuu. Wanatapika usiku kabla ya msiba kwa sababu ya neno moja na mkono mmoja. Ninavyofanya mimi: nasimama mlangoni nikiwa nimebeba kitu mikono yote miwili, sufuria au mtoto, nasema "Shikamooni nyote" na kupitiliza jikoni. Adabu imetimia, mkono haukushikwa. Atakayenuna anune.

Kuhusu kusamehe: lisiwe sharti la kupona, na asikupangie mtu tarehe. Nawajua waliosamehe wakapumua. Nawajua waliosameheshwa kikaoni mbele ya wazee, wakarudi nyumbani wakaugua mwaka mzima.

Kumwambia mtu wako wa karibu. Usianze na kisa. Anza na ombi analoweza kulitimiza leo: "Mume wangu, mtu akinijia kwa nyuma mwili wangu unadhani napigwa. Si wewe. Naomba uniite jina kabla hujanigusa." Akiweza hilo kwa mwezi mmoja, utajua kama anafaa kuambiwa zaidi. Akilifanya mzaha mbele za watu, pia umejua.

Utajua umefaulu ukirudi kutoka kwenye shughuli ukiwa umechoka tu, kama watu wengine.

## Hatua ya 8: Mtaalamu, na maswali ya kumuuliza

Nenda kama baada ya wiki 6 namba za daftari hazijashuka, kama unapoteza saa nzima usizozikumbuka, kama unajikata au kunywa ili ulale. Beba daftari, kurasa zake mbili zitamweleza daktari kuliko saa nzima ya kujieleza huku unatetemeka.

Hali hii ina jina. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, linalotumika tangu Januari 2022, kiwewe changamano kimepewa namba 6B41. Waweza kuitaja. Hospitali za rufaa kama Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma na Mathari Nairobi zina wataalamu wa afya ya akili. Hospitali ya wilaya inaweza kukupa rufaa.

Muulize mshauri: "Tutaanza na nini?" Akijibu, "Nieleze yote leo, toa yote moyoni," jihadhari. Kisa husimuliwa, na kukisimulia kwa utaratibu kunasaidia sana, lakini ukiwa umeshaweza kurudi chini. Katika njia mojawapo, mtu hutandika kamba sakafuni kuwa maisha yake, akaweka mawe kwa mabaya na maua kwa mema, kisha husimulia jiwe moja moja kwa mpangilio na msikilizaji aliyefunzwa. Ilitumika kambini Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na wasikilizaji walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa, wala si madaktari. Kwa hiyo usikate tamaa kama mjini kwenu hakuna bingwa.

Dawa: Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya duka la dawa itakulaza usiku mmoja, haitibu kiwewe, na mwili huizoea upesi. Kama umeshaitumia miezi, usiiache ghafla. Iache chini ya daktari. Zipo dawa nyingine zinazosaidia usingizi na huzuni, aandike yeye.

Dua na maombi: endelea kama yanakutuliza. Ila popote wanapotaka kukufunga, kukupiga ili kitu kitoke, au kukukataza kwenda hospitali, ondoka.

## Ukirudi nyuma

Utarudi. Mwezi wa Ramadhani, Krismasi, mwezi alipofariki yule, mtoto wako akifikisha umri uliokuwa nao wewe. Hii ya mwisho huwashangaza wengi. Usianze mambo mapya. Rudi hatua ya 3 kwa siku saba, andika mistari, mjulishe mtu wako.

Mwaka jana yule kijana mpangaji alihama. Aliyemfuatia hajui habari ya hodi, na komeo lilikuwa limeshakauka tena. Daftari la siku hiyo linasema: *Jumatatu, saa 1:20 jioni. Geti. Tumbo. 6. Limau. Dakika nne. 3.* Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Kesho mafuta.*